Karatasi za mchele zinachanika, zikilala friji zinakakamaa: nakosea wapi?

"Shikamoo chefu. Nipo Dar. Nilionja zile springroli za Kivietnamu zisizokaangwa, zile unaona kamba na majani kwa ndani, nikazipenda nikanunua pakiti ya karatasi za mchele na mazagazaga yote. Nikachemsha maji nikaloweka karatasi kama dakika tano hivi, kama tambi, zikawa uji, zinanatana, nyingine zikachanika mkononi. Nilipopunguza muda zikakubali ila zinapasuka pembeni. Zile chache zilizotoka vizuri nikaweka friji nibebe kazini, asubuhi ngumu kama nailoni. Rafiki yangu anasema nitumie manda za sambusa ni kitu kimoja, mwingine anasema zilizokakamaa nikaange tu. Sasa mwezi ujao tunamuaga mwenzetu ofisini, watu kama 30, na mimi nimeshajitolea kuleta hizi. Naweza kuzikunja usiku wa kuamkia? Nguruwe hatutumii, wengi wetu ni Waislamu. Na sosi ya karanga naomba, ila kuna mmoja pale karanga zinamdhuru."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri manake umeeleza ulichofanya hatua kwa hatua, wengi wananiandikia "zimenishinda" basi, hata sijui nianzie wapi. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: hapana, usizikunje usiku wa kuamkia. Ila shughuli yako inawezekana kabisa na wala hutaaibika, ni kubadilisha mpango tu, nitafika huko. Kwanza nataka uelewe karatasi yenyewe, kwa sababu uji uliopata jikoni na huo ugumu wa asubuhi vyote vinatoka kwenye wanga wa mchele, ukishaujua tabia zake hutanihitaji tena.

Manda tuiweke pembeni kabisa. Manda ni unga wa ngano, imeiva nusu tu, inasubiri mafuta ya moto iive. Hata zile karatasi nyeupe za springroli zinazouzwa zimeganda supamaketi ni ngano vilevile. Ukizila bila kukaanga unakula unga mbichi. Chakula ulichoonja wewe watu wa kusini mwa Vietnam wanakiita gỏi cuốn, kaskazini utasikia nem cuốn, na hicho hakikaangwi. Cha kukaanga wanacho, chả giò, ila hicho kina mambo yake mengine, kujaza kwake ni tofauti, nyama ya kusaga na uyoga na tambi za choroko, vitu visivyo na maji mengi. Ndo maana huyo rafiki yako wa pili naye nimwambie pole. Gỏi cuốn iliyokakamaa ukiitumbukiza kwenye mafuta, ile saladi ndani imejaa maji, itapasuka na mafuta yatakurukia usoni. Usifanye hicho kitu.

Haya, karatasi. Kwao inaitwa bánh tráng. Wanasaga mchele uliolowekwa unakuwa uji mwepesi, wanautandaza kwa upawa juu ya kitambaa kilichovutwa kwenye mdomo wa sufuria inayochemka, mvuke unauivisha ndani ya muda mfupi sana, wanaunyanyua kwa kijiti cha mwanzi na kuuanika juani juu ya chanja za mianzi. Chukua karatasi moja uiangalie kwenye mwanga, nyingi zina alama za misalaba misalaba, hiyo ni alama ya chanja. Viwanda vya siku hizi vina mashine lakini njia ni ileile. Sasa ona hapo: ule wanga UMESHAPIKWA. Ulipopikwa chembe zake zilivimba zikanywa maji, ulipoanikwa maji yakatoka ukabaki mgumu unaovunjika. Wewe kazi yako ni kuurudishia maji kidogo tu, hupiki kitu hapo. Ulipomwagia maji yaliyochemka na kuacha dakika tano, upande wa nje ulikunywa kupita kiasi ukaanza kuyeyuka, ndo ule uji na kunatana.

Kama hunisadiki kwamba joto si lazima, kuna mji unaitwa Trảng Bàng, mkoa wa Tây Ninh, kaskazini-magharibi ya Ho Chi Minh City, wana karatasi zao maarufu ambazo baada ya kuanikwa zinachomwa kidogo kwenye makaa afu usiku zinatandazwa nje zipigwe na umande. Umande tu! Asubuhi zimelainika, zinaliwa bila hata kuchovya kwenye maji. Unyevu wa hewa ya usiku unatosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta sinia au sahani pana kuliko karatasi. Karatasi nyingi za kukunjia zina upana wa sentimita 22, na hapa ndo nadhani kuna siri ya kupasuka pembeni kwako, watu wengi wanatumia bakuli dogo, katikati inalowa na kingo zinabaki kavu. Kama huna chombo kipana basi izungushe karatasi kama usukani mpaka ukingo wote upite majini. Maji yawe ya uvuguvugu, yale ya kumwogeshea mtoto, yakipoa uongeze. Zamisha sekunde tatu mpaka tano, toa, acha ichuruzike, itandaze. Itakuwa bado ngumungumu na utatamani kuirudisha, hasa mara ya kwanza. USIRUDISHE. Maji yaliyobaki juu yake yanaendelea kuingia ndani yenyewe, na huo muda ambao unapanga kamba na majani, kama nusu dakika hivi, unatosha kuilainisha. Ukisubiri ilainikie kwenye maji basi ukianza kukunja itakuwa imeshapitiliza. Dalili ya kuwa tayari: ukiinyanyua ukingo kwa kidole unakuja bila kukatika na ukiuachia unarudi taratibu, na zile alama za chanja bado unaziona kidogo. Moja moja, tafadhali. Ukichovya tatu kwa mpigo zitashikana na hutazibandua.

Pa kutandazia pana maana sana. Ubao wa mbao mkavu unainyonya karatasi na kuing'ang'ania, kitambaa kikavu vilevile. Tumia ubao wa plastiki au sahani kubwa bapa, upitishe kitambaa chenye maji kila baada ya roli mbili tatu. Na ukinunua soma viambato: karatasi ya mchele mtupu inavunjika upesi, ile iliyochanganywa na wanga wa muhogo inavutika na inakaa laini muda mrefu zaidi, kwa anayejifunza hiyo ndo ya kununua. Pakiti ikishafunguliwa ifunge sana, jiko lenye kiyoyozi linazikausha mpaka zinapasuka hata kabla hazijaguswa na maji. Kuna wanaokufundisha uweke karatasi mbili mbili ili zisichanike, hazitachanika kweli, ila unatafuna wanga tu, mimi siipendi hiyo.

Kujaza. Wanachoweka wao ni kamba waliochemshwa, nyama ya nguruwe ya tumbo iliyochemshwa, tambi nyembamba za mchele wanazoziita bún, saladi, na majani mabichi ya kunukia. Nguruwe kwako haipo na wala haitakumbukwa, weka kuku wa kuchemsha aliyechanwachanwa, au tofu iliyokaangwa ikapoa, au kamba peke yake. Majani ndo roho ya kitu hiki na ndo watu wanayabania: nanaa nyingi, giligilani, na ukipata rehani weka, hii hii ya kwenye vikuba, ile yao ina harufu yenye utamu fulani lakini ni ndugu wa karibu. Tango na karoti kata vijiti vyembamba kabisa. Karoti nene yenye ncha ndo inayotoboa karatasi, nina hakika nusu ya machozi yako yametoka hapo.

Kamba chemsha kwenye maji ya chumvi, wa ukubwa wa wastani dakika mbili tatu tu, wakibadilika wote rangi na nyama imekuwa nyeupe isiyopitisha mwanga toa, tia kwenye maji baridi (barafu iwe ya maji salama, sio ile ya kununua usiyoijua), menya, toa ule uzi mweusi wa mgongoni, pasua mara mbili kwa urefu. Nusu hizo ndo zinazoonekana kwa nje, upande mwekundu unaangalia chini kwenye karatasi. Ukitaka wasijikunje wachome kijiti cha mishkaki kabla ya kuchemsha.

Kukunja: theluthi ya chini ya karatasi, upande wa kwako, tandaza jani la saladi, juu yake tambi kiasi cha kukamatika kwa vidole vitatu, majani, tango. Lile jani la saladi ni kinga, vitu vyenye ncha vikae ndani yake. Nyanyua ukingo wa chini ufunike, vuta nyuma kidogo kwa vidole ukaze, viringisha mzunguko mmoja. HAPO ndo unaweka zile nusu za kamba mbele ya roli, kwenye sehemu tupu ya karatasi, unakunja pembe za kulia na kushoto ziingie ndani, unaendelea kuviringisha mpaka mwisho. Karatasi inajigundisha yenyewe, hakuna gundi ya unga wala yai. Ukikaza sana inapasuka, ukilegeza inamwagika kwenye shati la mtu, na hili siwezi kukueleza kwa maandishi ukaelewa, mkono utajifunza wenyewe. Roli zikishakamilika zisigusane, ukizibandua moja itavua ngozi ya mwenzake. Weka jani la saladi katikati.

Sasa friji. Watu wanadhani karatasi imekauka tu, ni kweli hewa ya friji inakausha, lakini hilo ni nusu ya jambo. Wanga ulioiva ukipoa, minyororo yake inaanza kurudi kujipanga na kushikana, inasukuma maji nje, na joto la friji, nyuzi 4 hivi, ndo linapofanya hiyo kazi kwa kasi zaidi. Wali wa jana ukiutoa friji punje zimekakamaa, ni jambo hilohilo linatokea. Tofauti ni kwamba wali unaupasha moto ule wanga unaachia tena, ila gỏi cuốn huwezi kuipasha, saladi na nanaa zitaiva ziwe mlenda. Ndo maana nakuambia usiku wa kuamkia haiwezekani, hata ukizifunga nailoni moja moja. Nailoni inazuia kukauka, haizuii wanga kujipanga. Ukizifunga vizuri na kufunika kitambaa kibichi masaa mawili matatu kwenye friji zinavumilika, baada ya hapo kila saa zinazidi kuwa mbaya. Iliyokakamaa ukiifunika kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache inalegea kidogo, ila haitarudi ilivyokuwa.

Tuje kwenye shughuli. Watu 30, tuseme roli mbili kila mtu, ni 60. Anayejifunza anatumia kama dakika mbili kwa moja akienda vizuri, hayo ni masaa mawili ya kukunja mfululizo, na za kwanza zinakusubiri hapo mezani kwenye joto la Dar. Unaweza kuomba wenzako wawili waje mkunje asubuhi, ndani ya kama saa moja mtakuwa mmemaliza, mkazibeba kwenye boksi lenye barafu zikaliwa kabla ya mchana. Inawezekana, na kama meneja wenu anataka sinia zilizopangwa za kupiga picha basi fanyeni hivyo. Mimi ningekuwa wewe nisingekunja hata moja. Ningeweka meza: sinia za maji ya uvuguvugu, karatasi kavu, bakuli la kamba na la kuku juu ya barafu, rundo la majani, tambi, sosi, na kila mtu anajikunjia yake anakula hapohapo. Na usidhani ni ujanja wa kukwepa kazi, Wavietnamu wenyewe nyumbani wanakula hivi, familia imezunguka meza kila mtu na karatasi yake. Karatasi inaliwa ikiwa na dakika moja tu tangu ilowe, hapo hata mwenye hoteli kubwa hakufikii. Shida yake ni mbili, foleni, kwa hiyo weka sinia za maji nne au tano sio moja, na mikono ya watu, kwa hiyo weka sabuni na maji ya kunawa mwanzo wa meza na koleo kwenye kila bakuli.

Usiku wa kuamkia unaweza kutengeneza sosi, kuchemsha kuku na kamba ukawaweka friji kwenye vyombo vilivyofunikwa, na kuosha majani ukayakausha ukayaviringisha kwenye kitambaa safi. Tambi chemsha asubuhi, suuza kwa maji baridi ya kunywa, chuja vizuri.

Hapa niwe mkali kidogo. Chakula hiki hakipiti kwenye moto wa mwisho. Pilau ukikosea usafi kidogo moto unakusamehe, hapa hakuna wa kukusamehe. Kamba na kuku waliopikwa wakae chini ya nyuzi 5, na wakitolewa mezani wasizidi masaa mawili, na kama ni nje au chumba kina joto la nyuzi 32 kwenda juu iwe saa moja, kinachobaki tupa usimpe mlinzi. Tambi nazo msizidharau, mchele uliopikwa ukaachwa kwenye joto unaotesha bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemsha na sumu anayoacha ndo ile ya watu kutapika ndani ya masaa machache baada ya shughuli. Majani osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, na maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa au ya chupa. Maji ya chumvi au siki yanatoa wadudu na udongo, ila usiyachukulie kama dawa ya kuua vijidudu vya taifodi na kipindupindu, hayatoshi. Choroko zilizochipua ziache kabisa kwa hadhara hiyo, au zichovye kwenye maji yanayochemka kwanza. Wajawazito waelekeze kwenye vilivyopikwa. Ubao uliokatia kuku mbichi usiguse nanaa.

Sosi. Ya karanga: kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta kidogo, tia nusu kikombe cha sosi ya hoisin (ile nzito tamu ya Kichina ya soya), vijiko vikubwa vitatu vya siagi ya karanga, maji nusu kikombe, koroga mpaka iwe laini, mwishoni siki au ndimu na pilipili. Hoisin ukiikosa, sosi ya soya na sukari na ukwaju kidogo vinakupeleka karibu, haitakuwa ileile ila ni tamu. Ya pili ni nước chấm, kijiko kimoja sosi ya samaki, kimoja sukari, kimoja ndimu, vitatu mpaka vinne maji ya uvuguvugu, saumu na pilipili mbichi iliyokatwa. Sosi nzuri ya samaki ni dagaa na chumvi vilivyochachuliwa kwa muda mrefu, ya kisiwa cha Phú Quốc ndo inayosifika. Harufu yake kwenye chupa isikutishe. Kwa hizi za chupa zote, hoisin hasa, soma lebo na uonyeshe wenzako wa Kiislamu kabla, sio baada.

Na sasa huyo mwenzenu wa karanga, kabla hujanunua chochote nenda ukaongee naye. Muulize karanga zinamfanya nini hasa. Kama ni tumbo kujaa, ni jambo moja. Kama aliwahi kuvimba midomo au koo, kutokwa na mabaka mwili mzima au kushindwa kupumua, basi sosi ya karanga isiwepo kwenye meza hiyo kabisa, achana na mambo ya kuiweka kona yake, kwenye meza ya kujikunjia kijiko cha sosi kitahama tu na vidole vya watu vitahama. Nước chấm inatosha kwa wote, mradi uulize pia kama kuna asiyepatana na kamba au samaki, hao nao wapo wengi. Na kama hajawahi kuonana na daktari kuhusu hilo, mshauri aende, manake mzio wa aina hiyo unaweza kuja mkali kuliko mara iliyopita. Ikitokea siku hiyo mtu yeyote midomo inavimba au anapumua kwa shida baada ya kula, msimpe maziwa wala msisubiri kuona, gari na hospitali hapohapo. Kutapika na kuharisha kunakoendelea, au kukiwa na damu au homa, pia ni hospitali.

Mwisho, umeandika "kazini" nikahisi una mpango wa kuziuza. Ukifika huko nenda kwanza kwa afisa afya wa kata yako, upime afya na upewe utaratibu wa kuuza chakula, na akutazamie jiko na friji yako kwa macho. Na kama baada ya haya yote bado zinachanika, tafuta mtu anayezikunja kila siku, kaa pembeni yake jikoni nusu saa umwangalie anavyokaza ule mzunguko wa kwanza. Maandishi yangu yanaishia hapo.